Chagua mwezi kwanza: kutengeneza shamba dogo la Nyanda za Juu Kusini juu ya meza

Kabla ya kukata kadibodi na kabla ya kununua gundi, chagua mwezi. Wengi wanaoanza kutengeneza modeli ya shamba huanza na vitu: nyumba, ng'ombe, trekta, mahindi mabichi, tanuri la matofali. Kila kitu kinatoka vizuri, lakini vikishakaa pamoja, mtu aliyekulia shambani anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama hawezi kukinyooshea kidole. Kisichokaa sawa ni mwezi. Huku Mbeya mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba na kukatika kati ya Aprili na Mei. Mahindi yakiwa mabichi ya kufika kiunoni hakuna mtu anayefyatua matofali, kwa sababu yatalowa kabla hayajakauka. Tanuri likiwa linafuka moshi, majani ya kando ya njia lazima yawe yamekauka. Weka tanuri linalowaka pembeni ya mahindi ya Januari, na kazi yako yote imeharibika hata kama kila tofali umelichora kwa mkono.

Mimi nauza pembejeo Uyole, hapa jijini Mbeya, na duka ndilo lililonifundisha kalenda hii. Mteja akiulizia mbegu na mbolea ya kupandia, najua udongo umeshageuzwa na ni mweusi kwa unyevu. Akirudi kutafuta mbolea ya kukuzia, mahindi yamefika magotini. Akija kuulizia dawa ya kuhifadhia, mahindi yako nyumbani na shamba limebaki mabua. Jioni nikishafunga duka natengeneza kipande cha shamba la mama yangu lililoko Umalila, na nalitengeneza likiwa mwezi wa sita. Nitaeleza ninavyofanya, kwa vifaa vinavyopatikana mjini Mbeya, nawe ubadilishe kulingana na kwenu.

Nimechagua Juni kwa sababu shamba moja linakuwa na rangi mbili. Juu mlimani mahindi yamekauka, nusu yamevunwa, vumbi limeanza. Chini bondeni kuna kinyungu, bustani ya kiangazi inayolimwa kwa unyevu uliobaki ardhini, na hapo ni kijani kitupu: kabichi, viazi, mboga za majani. Ukitengeneza mteremko wenye ukavu juu na kijani chini, mtu wa Iringa, Njombe au Mbeya anatambua kwao bila kuandikiwa kibao.

Skeli

Matrekta na wanyama wa kununua kutoka Ulaya mara nyingi huwa wa skeli ya 1:32, wa Marekani 1:64, na vitu vya treni za mezani 1:87. Mimi natumia 1:50 kwa sababu hesabu yake haichoshi: mita moja ya shambani ni sentimita mbili mezani. Pima kitu kwa mita, zidisha kwa mbili, umepata sentimita. Mtu wa mita 1.65 anakuwa sentimita 3.3. Mlango wa mita 2 ni sentimita 4. Mistari ya mahindi iliyoachana sentimita 75 inakuwa milimita 15, na shina hadi shina, sentimita 30, ni milimita 6.

Kama mtoto nyumbani ana trekta la kuchezea na ndilo mnataka kulitumia, acha trekta liamue. Tairi la nyuma la trekta la kawaida lina kimo cha kama mita 1.3. Likiwa na sentimita 4 kwenye trekta lenu, mko karibu kabisa na 1:32, na kila kitu kingine kifuate hapo. Usichanganye. Kuku mmoja mwenye kimo cha mbuzi anatosha kuharibu uwanja mzima.

Msingi wangu ni plaiwudi ya sentimita 60 kwa 45. Kwa 1:50 hiyo ni mita 30 kwa 22.5, takribani sehemu moja ya sita ya ekari. Kwa hiyo usijaribu kuingiza shamba zima. Chukua kona moja: nusu ya nyumba, uwanja wa mbele, kipande cha mahindi, njia inayoshuka, na kinyungu na kijito chake. Nyumba ikikatwa na ukingo wa ubao, jicho linaelewa kwamba shamba linaendelea.

Nenda ukaangalie

Chukua futi kamba na simu, nenda shambani mwezi uleule uliouchagua. Piga picha vitu ambavyo kwa kawaida hakuna anayevipiga: chini ya ukuta pale matone ya mvua yanaporushia tope, kizingiti cha jiko la nje, mahali ng'ombe anapofungwa, njia inapopinda kukwepa jiwe. Angalia nyumba ilivyojengwa kwa kweli. Huku kwetu mbele mara nyingi pamepigwa plasta na hata rangi, lakini ubavuni matofali ya kuchoma yako wazi, yanasubiri hela ya mwakani. Modeli nyingi hupaka plasta pande zote nne, na hapo nyumba inapoteza mwenyewe.

Beba pia udongo, kwenye mifuko mitatu: wa shamba la juu, wa njiani unaokanyagwa, na wa bondeni. Utaona rangi zake hazifanani hata kidogo. Kama uko pande za Uyole, okota na yale mawe mepesi yenye vitundu ambayo volkano zilituachia. Yanakatika kwa kisu, na kipande kidogo kinakuwa mwamba mzuri.

Nyumbani kaanga udongo kwenye kikaango cha zamani mpaka ukauke kabisa. Wadudu na mbegu za magugu vinakufa hapo. Uchekeche kwa chujio la chai, kisha ule laini upitishe kwenye soksi nyembamba ya nailoni. Unaobaki kwenye chujio usitupe, ndio mabonge ya shamba lililolimwa.

Mteremko

Ile foamu nyeupe ngumu inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni inafaa kabisa, na wenye maduka ya vifaa vya umeme huitupa. Ikate kwa kisu chenye makali, panga tabaka, bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Usitumie supagluu wala rangi ya kupuliza moja kwa moja juu yake, inaiyeyusha. Funika kwanza kwa vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye gundi na maji, tabaka mbili au tatu, uache likauke ligumu.

Hapa niseme jambo la hali ya hewa yetu. Usiku wa Juni na Julai Mbeya ni baridi, na gundi ya maji inachelewa sana kukauka. Ukiharakisha tabaka la pili wakati la kwanza bado bichi ndani, litavimba na kupasuka. Fanya kazi ya gundi mchana, weka ubao dirishani penye jua, na usiusogeze karibu na jiko la mkaa kwa sababu ya ile foamu.

Juu ya karatasi paka uji mzito wa udongo, unga wa mbao kutoka kwa seremala, na gundi. Kwa matuta nakata kadi ngumu ya plastiki iwe na meno yaliyoachana milimita 15, kina cha milimita 5 au 6, kisha naiburuta juu ya uji ungali mbichi. Buruta kukingama na mteremko, jinsi mkulima anavyokinga maji. Matuta yanayoshuka na mlima yatamsikitisha bwana shamba yeyote atakayeiona modeli yako. Baadaye bonyezabonyeza kwa kijiti, maana tuta la jembe la mkono halinyooki kama rula.

Ukishakauka, nyunyizia udongo mkavu kwa chujio, halafu loweka kwa gundi sehemu moja na maji sehemu tatu, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Bila sabuni maji yanabaki juu kama shanga na kusukuma udongo pembeni. Tumia bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yenyewe, udondoshe taratibu. Udongo uliogandishwa kwa gundi unakuwa mweusi kuliko ulivyokuwa, na kwa kitu kidogo weusi huo unazidi machoni. Pitisha brashi kavu yenye rangi ya udongo iliyochanganywa na nyeupe kidogo juu ya vilele vya matuta, utaona vumbi la Juni limerudi.

Mahindi

Hapa ndipo saa zako zitaishia, na hapa ndipo modeli inapopata uhai au kuukosa. Kipande changu cha mahindi ni sentimita 24 kwa 16. Kwa nafasi za kweli hiyo ni mistari kumi, kila mmoja na mashina kama arobaini, yaani mia nne. Usipunguze mashina kwa kuyaachanisha. Shamba la mahindi lililopwaya linaonekana mara moja. Punguza kazi kwa kalenda: ni Juni, nusu limevunwa. Nusu iliyovunwa inahitaji vishina vya milimita 5 hadi 10 na mabua yaliyolala, na hayo unayakata haraka. Katika nusu iliyosimama, mistari mitatu ya nje itengeneze kwa uangalifu wote. Ya ndani itoshe kijiti na majani mawili, hakuna jicho litakalofika huko.

Bua ni unyasi wa fagio, sentimita 4.4. Majani ni karatasi ya kaki ya bahasha, ambayo tayari ina rangi ya hindi kavu, hivyo huna haja ya kupaka. Kata vipande vyembamba vya milimita 1.5 hadi 2, urefu wa sentimita 2, vichonge ncha. Kunja kila kimoja kwa urefu wake juu ya ukingo wa kisu ili kipate uti wa kati, kisha kibandike kikikumbatia bua kabla ya kuning'inia. Jani bichi linapinda kwenda nje na juu; jani kavu linavunjika karibu na bua na kushuka wima. Hiyo tofauti ndiyo inayosema Juni. Panda matano kwa kila bua la nje, ukipishanisha kushoto na kulia, maana majani ya mahindi hayazunguki bua ovyo.

Mabua machache yainamishe, mawili matatu yavunje katikati. Chomeka kwa kutoboa tuta kwa sindano nene na tone la gundi. Maharage yaliyokuwa katikati ya mahindi yameshang'olewa, kwa hiyo acha taka nyembamba za majani makavu chini. Nasaga karatasi ileile ya kaki kwa vidole.

Mahindi yaliyovunwa na kumenywa natumia ufuta. Hindi la sentimita 15 hadi 20 linakuwa milimita 3 au 4, na ufuta uko hapohapo. Umenenepa kidogo, lakini ukirundikwa mbele ya nyumba hakuna anayehoji. Paka rangi ya maziwa yenye njano kidogo, usifanye njano kali, mahindi yetu ni meupe.

Bati

Bati la kweli lina migongo iliyoachana takribani milimita 76. Kwa 1:50 hiyo ni milimita 1.5, na inatokea kwamba boliti ya milimita 10, ile ya spana namba 17, ina uzi ulioachana milimita 1.5 kamili. Omba duka la vifaa vya ujenzi boliti ndefu yenye uzi mpaka juu. Kata foili nene ya vyombo vya kubebea chakula, ilaze juu ya kipande cha kandambili, kisha viringisha boliti juu yake ukikandamiza kwa viganja viwili. Mistari itatokea mizuri ajabu. Itakuwa imeinama kidogo kwa sababu uzi wa boliti nao umeinama, kwa hiyo kata mabati kwa kufuata mistari yenyewe, usifuate ukingo wa foili.

Bati la mita 3 ni sentimita 6. Likate moja moja, upana wa sentimita 1.7 hivi, uyapishanishe mgongo mmoja juu ya mwingine kuanzia upande usiopigwa na upepo. Usipige bati moja kubwa la paa zima. Viungo ndivyo vinavyofanya paa liwe paa. Kutu kwangua kutoka kwenye bati la zamani, saga, changanya na gundi nyepesi, tia kwenye viungo na matundu ya misumari. Weka na jiwe dogo au mawili juu ya bati la jiko.

Ukuta ni kadibodi ngumu yenye tabaka jembamba la jipsamu. Ubavuni chora matofali kwa sindano: mstari wa kulala kila milimita 1.7, wa kusimama kila milimita 5, ukipishanisha. Rangi za tofali la kuchoma zinatofautiana, lililokuwa karibu na moto ni jekundu hadi zambarau, la nje ya tanuri limepauka. Paka matofali machache moja moja kwa rangi tofauti. Kisha chini ya ukuta wote, kimo cha milimita 7, gonga kwa brashi kavu rangi ya udongo wenu: hilo ni tope la mvua zilizopita. Juu ya mlango wa jiko tumia masizi ya kweli ya sufuria, kwa kidole. Hakuna rangi ya dukani inayofikia masizi.

Bondeni

Kinyungu kinataka udongo mweusi na vitanda vilivyonyooka kiasi, na maji. Kabichi ni vipira vya karatasi laini ya chooni, milimita 6, vilivyolowekwa kwenye gundi na rangi ya kijani yenye majivu. Viazi ni sponji iliyokatwakatwa ndogo sana, ikapakwa kijani kizito, kimo cha sentimita moja. Kwenye kijito paka kwanza rangi, kahawia nyeusi katikati na ya udongo pembeni, kisha mimina vanishi isiyo na rangi kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Pembezoni chomeka nyuzi za kamba ya katani zilizopakwa kijani. Nyuzi zilezile bila rangi ni majani makavu ya mlimani. Zikusanye kidogo kidogo, chovya mizizi kwenye gundi, panda, kisha punguza kwa mkasi kwa vimo tofauti.

Milingoti, yaani mikaratusi, ni shida ya skeli. Mti wa mita 20 ni sentimita 40, utaimeza nyumba. Panda michanga ya sentimita 20 nyuma kabisa, shina la nyuzi za waya wa umeme zilizosokotwa.

Kwa wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mambo ni mengine. Rungwe inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kijani hakiondoki, na mwezi utauonyesha kwa tope na ukungu zaidi ya majani. Migomba mizuri inatoka kwenye karatasi iliyochanwa pembeni, maana upepo huchana jani la mgomba. Chai, huko na Mufindi, kata sponji iwe na uso wa juu uliosawazishwa kabisa, ndivyo wachumaji wanavyoiacha, na vijia vyembamba kati ya mistari.

Watu na wanyama

Waya mwembamba, karatasi laini, gundi. Usihangaike na nyuso, kwa sentimita 3.3 sura haionekani, mkao ndio unaoonekana. Mama anayechambua mboga anainama kutokea kiunoni, miguu imenyooka. Mwenye mtoto mgongoni anaegemea mbele kidogo. Anayebeba ndoo kichwani shingo yake iko wima na mkono mmoja juu. Kitenge kipe rangi moja na vidoti vya ya pili, basi. Watu watatu wanatosha: mmoja anavuna, mmoja anamenya uwanjani, mtoto mmoja na kuku. Gunia la viazi kutoka bondeni lishone kwa kitambaa chepesi, na kama ni lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi ambalo Wakala wa Vipimo wanalipiga vita, litavimba juu ya mdomo na kufungwa kwa nyuzi zilizopishana.

Ukimaliza, piga picha nje, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni jua likiwa limelala. Geuza simu kichwa chini ili kamera iwe karibu na ardhi, kimo cha macho ya yule mtu wa sentimita 3.3, na nyuma yake pawe na mlima wa kweli ukiwa umefifia kwa ukungu wa vumbi. Picha ya kutokea juu inaonyesha ubao. Ya kutokea chini inaonyesha shamba.

Panya watafuata ule ufuta, na mende watafuata gundi. Paka rundo la mahindi vanishi tabaka mbili, hifadhi modeli ndani ya boksi lenye kifuniko, na unapoisafirisha kwenye gari ishike mapajani, usiiweke kwenye buti.